Dozi za Asubuhi Kutoka Machame

Upendo, na wenzako wote wa kliniki ya sukari,

Siku ya kuniaga mlinipa kitenge, keki isiyotiwa sukari ambayo hakuna aliyeimaliza, na daftari jipya. Mkaniambia niandike ya kazini kabla sijasahau. Kitenge nimeshakivaa kanisani. Daftari lilikaa juu ya kabati wiki tatu, na leo nimeliteremsha kwa sababu mvua imezuia kazi ya shamba na hapa Old Moshi sina mtu wa kumpima sukari.

Vyeo sitaviandika. Havikuwa vingi, na hakuna mgonjwa aliyepata nafuu kwa ajili ya cheo changu. Nitaandika nilivyoanza, nani alinifundisha, na habari za Mama Ndeshi wa Machame, ambaye ninyi mnamjua kama yule mama wa kalamu namba saba. Mimi nilimjua kabla hajapewa namba.

Nilifika hospitali yetu nikiwa na miaka ishirini na mitatu, nikitamani wodi ya wazazi. Kila msichana aliyemaliza uuguzi aliitamani, kwa kuwa huko mtu anaingia mmoja na kutoka na mwenzake. Matroni akanipeleka kliniki ya sukari, chumba kimoja kando ya stoo ya magodoro, akanikabidhi kwa Mama Aikande.

Nilimwamkia shikamoo. Akaitikia, akaniangalia mikono kabla ya kuniangalia usoni, kisha akanipa ndizi mbivu na bomba la sindano la kioo lililojaa maji. Akasema, "Mchome." Nilikuwa nimesikia kwamba kwingine wanafunzi hujifunzia chungwa, lakini kwetu mlimani kilichokuwepo ni ndizi. Nikachoma kwa nguvu kama ninayepiga msumari, ndizi ikapasuka. Mama Aikande akaitazama, akasema taratibu, "Huyu amefariki. Chukua mwingine." Kufikia saa sita mchana nilikuwa nimeua chane nzima. Tulizila na chai.

Mabomba yale ya kioo tuliyachemsha kwenye sufuria juu ya jiko la mafuta ya taa, na aliyevunja moja alilikumbuka mwaka mzima, maana Mama Aikande alimkumbusha. Insulini ilikuja ya nguvu mbili tofauti, na mabomba nayo yalikuwa na alama za aina mbili. Ukivichanganya, mgonjwa anapata zaidi ya mara mbili ya dozi yake. Kwa hiyo tulisoma chupa kwa sauti, mgonjwa naye akaisoma, na asiyejua kusoma alitueleza rangi ya kifuniko. Sheria yake nyingine ilikuwa kwamba sukari ya mtu ikipanda, shuku dawa kwanza, kisha kifaa, na mtu mwenyewe mwisho kabisa. Niliipokea sheria hiyo kama nilivyopokea mafundisho ya kipaimara. Niliikariri vizuri na sikujua nitaihitaji lini.

Majokofu yalikuwa machache. Wagonjwa wengi walitunza insulini ndani ya chungu kilichowekwa juu ya mchanga wenye unyevu. Mzee mmoja, Meku Elinami, aliifunga chupa yake kwenye kamba na kuizamisha mferejini pembeni mwa kihamba chake, shamba la ukoo, kwa sababu maji ya mlima ni baridi mwaka mzima. Ilifanya kazi vizuri mpaka zamu ya maji ilipobadilika, mkondo ukawa mkali, kamba ikakatika, na chupa ikasafiri hadi kwa jirani, ambaye aliirudisha akiuliza kama ni dawa ya mbuzi. Mama Aikande hakucheka. Alimwambia Meku atumie kamba ya katani. Alicheka baada ya mzee kuondoka, akiwa ameegemea kabati, na machozi yakamtoka. Ninavyoandika hivi nasikia kicheko kile. Ana miaka mingi tangu atutoke, na mpaka leo nikipata jambo gumu kichwa changu humwita yeye kwanza.

Mama Ndeshi alikuja mwaka wangu wa nane kazini. Tulikuwa karibu rika moja. Alikuwa mjane mwenye mtoto mmoja mgongoni, ng'ombe wawili wa maziwa, na kahawa kidogo chini ya migomba. Alikuwa amekonda mpaka kitenge kinamzunguka mara mbili. Nilipomuuliza anasumbuliwa na nini, alisema, "Sista, nakunywa maji kumshinda ng'ombe wangu. Na yule walau anatoa maziwa." Nilimfundisha kujichoma siku ileile. Hakugeuza uso pembeni. Akachoma, akahesabu hadi kumi, akatoa sindano, akauliza kama atafanya hivyo kila siku. Nikamwambia ndiyo. Akauliza mpaka lini. Nikainama kumwandikia kadi ya miadi, naye akaelewa, akamfunga mtoto vizuri mgongoni na kwenda kukamua.

Kwa miaka mingi hakuna mgonjwa aliyenipa kazi ndogo kuliko yeye. Alikuja kila Alhamisi ya miadi, kadi yake imefungwa kwenye mfuko wa nailoni, majibu yake mazuri. Mtoto wake Ndeshi alipopata kipaimara nilialikwa, nikakaa meza ya ndugu.

Kisha zikaja kalamu za insulini za kwanza, zile za kawaida, msaada kutoka nje. Mnazijua. Unazungusha kitufe, zinalia tiki moja kwa kila yuniti, unabonyeza. Mama Ndeshi alifurahi kwa sababu alama ndogo za kwenye bomba zilianza kumchosha macho. Mwaka wa kwanza ulikwenda vizuri. Wa pili sukari yake ikaanza kupanda, kumi na nne, kumi na nane, ishirini na mbili. Daktari akaongeza dozi, sukari ikapanda tena. Akaongeza tena. Nilimuuliza Mama Ndeshi kama anaruka siku, kama anakunywa mbege harusini, kama anakula ndizi mbivu. Alisema anachoma asubuhi na jioni kama nilivyomfundisha.

Alhamisi moja nikahesabu dawa aliyorudi nayo. Ilibaki nyingi. Kwa dozi aliyoandikiwa, ilipaswa kuwa imekwisha. Kwangu huo ulikuwa ushahidi. Benchi lilikuwa limejaa, watu kumi na zaidi, wengine jirani zake wa Machame. Nikasema mbele yao wote, "Mama Ndeshi, dawa uliyobaki nayo haina sababu ya kudanganya."

"Kwa hiyo mwenye sababu ni mimi," akasema.

Hakupandisha sauti. Akatia kadi yake kwenye mfuko wa nailoni, akajifunga kanga, akatoka. Mimi nikaandika kwenye faili lake: *Mgonjwa si mkweli kuhusu dozi.* Mwandiko ni wangu, wino wa bluu, na bado upo kwa anayetaka kuuona.

Hakurudi zaidi ya mwaka. Dawa alichukua kwenye zahanati ya chini, wakimjazia ileile aliyoandikiwa kwetu, kwa kalamu ileile. Siku moja niko sokoni Kwa Sadala nachagua ndizi za mtori, muuzaji ambaye ni jirani yake akaniambia kwamba Mama Ndeshi amekatwa vidole viwili vya mguu wa kushoto, na kwamba macho nayo sasa yanaona ukungu. Nilisema pole. Nikalipia ndizi, nikarudi nyumbani, na njiani nilijiambia kwamba nilikuwa nimemwonya.

Ndipo zikaja kalamu janja. Aliyezileta alikuwa fundi kijana aitwaye Godlisten, mzaliwa wa Rombo aliyekulia Dar, ambaye kila kitu kwake kilikuwa "simpo tu, Sista." Kalamu hizi zilikuwa ishirini, kila moja na namba yake. Zinaandika zenyewe yuniti ulizochoma na saa uliyochoma. Zinatofautisha tone la majaribio na dozi yenyewe. Kisukumio kisiposonga inavyotakiwa, zinalia mara tatu na kutoa alama nyekundu. Mgonjwa anapewa kisanduku kidogo cha kuweka shubakani, nacho hutuma habari zote kwenye simu ya kliniki. Daktari alisema tuwape kwanza wagonjwa wagumu. Nikataja jina la Mama Ndeshi.

Naungama hapa, kwa kuwa hakuna mahali pengine nilipoungama kwa maandishi. Sikumpelekea kalamu ile kumsaidia. Nilitaka kumkamata.

Nilipanda Machame na Godlisten siku ya Jumanne. Tulimkuta Mama Ndeshi ameketi nyuma ya nyumba akimenya ndizi kwa kupapasa. Ndeshi, ambaye sasa alikuwa mwalimu wa shule ya msingi hapo jirani, alitupokea kwa heshima na kwa ubaridi. Godlisten akaeleza kila kitu, tiki, kisanduku, mtandao. Mama Ndeshi alisikiliza mpaka mwisho, kisha akaniambia mimi, si yeye, "Umeniletea polisi."

Akanyoosha mkono akapokea kalamu, akaigeuza kiganjani. "Mwache akae," akasema. "Mwache aandike."

Dozi yake wakati huo, baada ya kuongezwa mara nyingi, ilikuwa yuniti arobaini asubuhi na ishirini jioni. Niliiweka vilevile. Jumatano asubuhi simu ikaonyesha: namba saba, yuniti arobaini, saa kumi na mbili na dakika arobaini. Nikafikiri, leo anachoma kwa sababu anatazamwa. Saa nne Ndeshi akapiga simu. Mama yake alikuwa ameanguka bandani kwa ng'ombe, jasho linamtiririka, hajui jina lake.

Nilimwambia ampake asali ndani ya mashavu, kidogo kidogo, na akiweza kumeza ampe maji ya sukari. Sikukata simu. Nilimsikia Ndeshi akimwita mama yake kwa Kichagga, mara nyingi, kisha nikasikia sauti nzito ikiitikia. Walipomleta hospitalini baada ya asali yote ile, sukari yake bado ilikuwa tatu, chini ya inayotakiwa.

Daktari wetu kijana alitikisa kichwa. Akasema jambo lenyewe sasa liko wazi: miezi yote hiyo alikuwa hachomi, leo amechoma dozi kamili kwa mara ya kwanza na mwili umeshindwa. Maneno hayo yaliingia akilini kirahisi mno. Karibu niyakubali. Lakini Mama Ndeshi alikuwa amelala pale, macho wazi, akitazama dari asiloliona vizuri, na hakujitetea. Mtu mwongo hujitetea. Nikamwomba Ndeshi aniletee ile kalamu ya zamani.

Aliileta jioni. Nikaingia kwenye kile chumba chetu, nikafunga mlango. Nilichukua bomba la sindano la insulini, nikachomoa kisukumio chake, nikalisimamisha na kifuniko cha sindano kikiwa mahali pake. Nikaielekeza kalamu ndani yake, nikaizungusha mpaka arobaini. Tiki zote zililia. Nikabonyeza mpaka mwisho, dirisha la kalamu likarudi sifuri kama kawaida. Nikasoma bomba. Yuniti kumi na tano. Nikarudia: kumi na mbili. Nikarudia: kumi na tisa. Kisukumio cha ndani ya kalamu kilikuwa kimelika, kinazunguka bila kusukuma. Ndiyo maana dawa ilibaki. Kalamu ilihesabu arobaini na kutoa ilichojisikia kutoa, na sisi tukaongeza dozi juu ya dozi, mpaka siku nilipompa kalamu nzima na kumwachia dozi ya kalamu mbovu.

Chumba kilinuka insulini, ile harufu kama ya plasta ya kidonda. Dawa kwanza, kisha kifaa, na mtu mwisho kabisa. Nilikuwa nimeanzia kwa mtu, na sikuwahi kwenda mbele zaidi.

Daktari alipoona lile bomba akashusha dozi ya asubuhi hadi kumi na nane, na ya jioni kwa kipimo hicho hicho, na tukawaita wote waliokuwa na kalamu za aina ile tuzipime. Mbili zaidi zilikuwa mbovu.

Jumapili iliyofuata, Mama Ndeshi akiwa amesharudi nyumbani, nilikata jani la isale kwenye mpaka wa shamba letu. Ninyi mliotoka mbali na mlima huenda hamjui: mtu aliyekosea akileta jani hilo, ameleta msamaha mkononi, na aliyekosewa ana wajibu mzito wa kulipokea. Lakini kulipokea si lazima kuwe rahisi.

Nilisimama mlangoni, nikaweka jani mikononi mwake. Alilipapasa kutoka shinani hadi ncha, akalitambua.

"Vidole havirudi, Sista," akasema.

"Najua."

"Na macho pia."

"Najua, Mama Ndeshi."

Ng'ombe walisikika wakitafuna nyuma ya nyumba. Kisha akasema, "Mimi nilikuwa nikijichoma naumia. Nilikuwa nasema, labda kweli sichomi. Labda nimerukwa na akili. Hilo ndilo ulilonifanyia." Baada ya hapo akalichomeka jani juu ya mlango na kuniambia niingie, chai inapoa. Kabla sijaondoka akanitaka nikafute nilichoandika.

Nilimweleza kwamba faili la mgonjwa halifutwi. Kwa hiyo niliandika chini yake: *Mgonjwa alikuwa mkweli. Kosa lilikuwa la kalamu na la muuguzi.* Na Alhamisi iliyofuata, benchi likiwa limejaa, nilisimama nikalisoma kwa sauti, sentensi zote mbili. Mama Ndeshi aliketi katikati amenyoosha mgongo. Mtu mmoja akakohoa. Tukaendelea na kazi.

Miaka sita iliyofuata ndiyo ninayoitamani usiku na mchana. Simu ya kliniki nilikuwa naenda nayo nyumbani, na kila asubuhi kabla ya chai niliiweka mezani na kuwatazama watu wangu wakiamka. Baba Nuru wa Kwa Sadala alichoma mapema siku za soko na kuchelewa siku nyingine zote. Mwalimu mmoja wa Kibosho hakuwahi kuchelewa isipokuwa Krismasi. Namba saba alikuwa saa kumi na mbili na dakika arobaini, yuniti kumi na nane, baada ya kukamua. Wingu likiwa limeufunika mlima wote na mimi sioni hata mgomba wa jirani, nilijua nani yuko macho huko juu.

Mara moja namba saba ilitoa alama nyekundu. Nikapiga simu. Mama Ndeshi akasema kalamu imelia mara tatu na kitufe ni kigumu. Nilimuuliza ile sindano ya mbele ameitumia siku ngapi. Akafikiri, akasema tangu kabla ya Pasaka, bado ni kali. Tulikuwa tunakaribia Pentekoste. Nilimwambia aibadilishe nami niko hewani, akabadilisha, kisha tone likatoka, kisha dozi. Simu ikaonyesha kumi na nane. Hakuna aliyeumia, hakuna aliyeshukiwa, na jambo lote lilichukua dakika nne. Nilicheka peke yangu jikoni, na niligundua kwamba nilikuwa nimeegemea kabati.

Hayo ndiyo nitakayo myajue kuhusu kifaa hiki, Upendo. Watu watawaambia kinakamata wagonjwa. Mimi nimeona kikimtetea mmoja, tena dhidi yangu.

Siku ya mwisho nilikukabidhi simu ile pamoja na funguo, ikiwa imechajiwa na kufutwa vumbi. Ndivyo inavyotakiwa; habari za wagonjwa ni za kliniki, si zangu. Sikufikiri mikono yangu ingepinga. Lakini mwili hausomi barua ya kustaafu. Saa kumi na mbili na robo naamka, nachemsha chai, mkono unakwenda mezani, na meza ni tupu. Nasimama dirishani natazama upande wa Machame, ambako kutoka hapa hakuonekani kitu ila bega la mlima. Sijui nani ameamka.

Wiki iliyopita nilifunga kanga mbili kwenye mfuko nikaenda kwa Mama Ndeshi. Nilifika mchana, tukala kitalolo cha ndizi na maharage, tukasengenya wachungaji wawili, na aliposikia nataka kuondoka akasema jua limekwenda, nilale. Nililala chumba cha Ndeshi. Asubuhi nilimsikia akitoka kukamua na kurudi, akinawa mikono. Nikaenda kuketi naye jikoni. Alichukua kalamu yake shubakani, akaweka sindano mpya, akageuza uso upande wangu.

"Umekuja kuhakikisha?" akauliza.

"Hapana. Kuhakikisha ni kazi ya Upendo siku hizi. Nimekuja kukaa tu, wakati unachoma."

Alifikiri kidogo, kalamu mkononi. "Basi sogea," akasema, "maana hapo ulipo sikuoni."

Nikavuta kigoda mpaka magoti yetu yakagusana. Akahesabu tiki kwa sikio, akachoma, akahesabu hadi kumi.

Kwako, Upendo, ilifika kama siku nyingine zote: namba saba, yuniti kumi na nane, saa kumi na mbili na dakika arobaini. Kalamu haikuandika kwamba tulikuwa watu wawili.